Mgonjwa wa Uloto Anaporudi Kaloleni

Mtoto aliyepandikizwa uloto Dodoma anaposhuka basi Arusha, majirani wa Kaloleni humwona amekwisha kupona. Mashavu yamejaa, ingawa ni dawa ya prednisoloni iliyoyajaza. Nywele zimeanza kurudi. Macho yaliyokuwa na umanjano tangu utotoni sasa ni meupe. Watu watapiga vigelegele, watamkumbatia, na mama wa chumba cha pili ataleta kikombe cha mtindi aliougandisha mwenyewe. Ni upendo mtupu, na mengi kati ya hayo yanaweza kumrudisha wodini.

Kinga ya mgonjwa huyu ni changa kuliko ya mtoto mchanga. Mchanga angalau huzaliwa na kinga aliyoazimwa na mama yake tumboni. Mgonjwa wa uloto hakuazimwa na yeyote. Dawa kali alizopewa kabla ya pandikizi zilifuta uloto wake wa zamani, na chanjo alizochomwa utotoni zimefutika pamoja nao au zimedhoofika. Kwa hiyo hatari kubwa ya miezi hii ni moja: anaonekana mzima kuliko alivyo.

Miaka michache iliyopita mwongozo kama huu ungewahusu Watanzania wachache waliomudu safari ya India. Mambo yamebadilika. Mwaka 2021 Hospitali ya Taifa Muhimbili, tawi la Mloganzila, ilianza kupandikiza uloto kwa watu wazima wenye mailoma, saratani ya chembe za uloto. Mwaka 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa ya Dodoma ikaanza kuwapandikiza watoto wenye sikoseli. Katika nchi ambako watoto wapatao 11,000 huzaliwa na sikoseli kila mwaka, hiyo ni habari kubwa. Lakini kutoka Dodoma hadi Arusha, kupitia Kondoa na Babati, ni zaidi ya kilomita 400, na mgonjwa akishafika nyumbani, kazi ya wodi inabaki kwa mama, baba, bibi na shangazi.

Aina mbili, safari mbili

Mgonjwa wa mailoma kwa kawaida hupandikizwa chembe zake mwenyewe. Huvunwa kwenye damu yake, zikahifadhiwa, akapewa dozi kubwa ya dawa kali ya melfalani, kisha akarudishiwa. Hakuna mgeni mwilini. Shida zake nyingi ni za wiki za mwanzo: vidonda vya mdomo, kuhara, kichefuchefu, nywele kudondoka, uchovu. Wagonjwa wengi wa aina hii huweza kurudia shughuli zao baada ya miezi mitatu hadi sita.

Mtoto wa sikoseli hupandikizwa uloto wa mtu mwingine, mara nyingi ndugu wa tumbo moja aliyelingana naye. Uwezekano wa ndugu mmoja kulingana kikamilifu ni mmoja kati ya wanne. Huyu ana safari ndefu, kwa kuwa chembe za ndugu zinaweza kuuona mwili wa mgonjwa kuwa adui na kuushambulia, hasa ngozi, utumbo na ini. Ili kuzituliza hupewa dawa za kushusha kinga, siklosporini au nyingine za jamii yake, kwa miezi mingi. Hesabu ya madaktari huanza siku ya pandikizi, wanayoiita siku sifuri. Siku 100 za kwanza ndizo nzito kuliko zote, na kwa kawaida familia hutakiwa kukaa karibu na hospitali iliyopandikiza hadi zipite. Kodi ya chumba Dodoma kwa miezi hiyo ipangwe kabla ya matumizi mengine yote ya familia.

Nyumba ya kupanga

Nyumba nyingi za Kaloleni ni za vyumba vinavyozunguka ua mmoja: bomba moja, choo kimoja au viwili, majiko ya mkaa mlangoni. Ushauri wa vitabuni wa "chumba cha peke yake na choo chake" hauwasaidii watu hawa. Yanayowezekana ni haya.

Mgonjwa alale kitanda chake mwenyewe, chini ya chandarua chake, hata kama ndugu zake wako chumba hicho hicho. Mtoto mdogo apewe poti yake. Mkubwa apate ndoo na kopo lake la chooni, na choo kimwagiwe maji yenye klorini kabla hajaingia. Sabuni na maji ya kutiririka viwe mlangoni pa chumba, mahali ambapo mgeni hawezi kupita bila kuviona. Chumba kipigwe deki kwa kitambaa kibichi asubuhi, mgonjwa akiwa nje, badala ya kufagiliwa vumbi likiruka.

Vumbi si jambo dogo. Ndani yake, na ndani ya ukungu wa ukutani, mabua, samadi, pumba na mahindi yaliyovunda, mna mbegu za fangasi aitwaye aspajilasi. Mtu mwenye kinga huzivuta kila siku bila kujua. Aliyepandikizwa anaweza kuugua mapafu kiasi cha kufa. Arusha ina misimu miwili ya kuangalia: Juni na Julai, baridi na manyunyu vinapolowesha kuta hadi zikaota ukungu, na miezi ya kiangazi inayofuata, vumbi linapotimka barabarani. Panapojengwa au kubomolewa asipite. Akilazimika kutoka, avae barakoa iliyobana vizuri. Zizi la mbuzi, banda la kuku na shamba la bibi kule juu mlimani visubiri.

Daladala iliyojaa nayo isubiri. Bajaji yenye upepo pande zote ni bora, na asubuhi mapema kabla ya foleni ni bora zaidi.

Wageni

Hapa ndipo penye ugumu kuliko dawa. Kwetu mgonjwa hujuliwa hali. Asiyekwenda kumwona huonekana ana jambo. Watoto wa Kiarusha na Kimasai, tena, hufundishwa kuinamisha kichwa mbele ya mzee ili aguswe utosini. Kumzuia babu asimguse mjukuu aliyetoka kwenye mauti ni kazi inayohitaji busara.

Njia iliyo rahisi ni kumpa daktari lawama. "Daktari amekataza mpaka mwezi wa tisa" ni sentensi ambayo hakuna mzee atakayeikasirikia. Mgeni asalimie kutoka mlangoni au wakae uani kwenye hewa, wawili au watatu kwa wakati, mikono ikiwa imenawiwa. Mwenye mafua, kikohozi, macho mekundu au mtoto mwenye vipele asisogee kabisa. Mtu wa nyumbani aliyekohoa wiki mbili apimwe kifua kikuu bila kungoja. Mzee anayetaka kubariki anaweza kubariki kwa mdomo, na baraka yake haipungui.

Na asisahauliwe ndugu aliyetoa uloto. Mara nyingi naye ni mtoto. Mwili wake hurudisha uloto uliovunwa ndani ya wiki chache, akila vizuri na kutumia dawa za kuongeza madini ya chuma iwapo daktari ameagiza. Moyo wake ndio unaohitaji uangalizi: macho yote yako kwa mgonjwa, na mambo yakienda mrama anaweza kudhani uloto wake ndio mbaya. Aambiwe mapema, kwa maneno ya wazi, kwamba yeye ametoa alichonacho na matokeo hayamhusu.

Jikoni

Mgonjwa mwenye vidonda vya mdomo anahitaji chakula laini, cha vuguvugu, kisicho na pilipili wala ndimu. Mtori ni kana kwamba ulibuniwa kwa ajili yake: ndizi zilizopondwa, mchuzi wa nyama iliyoiva hadi kuchambuka, mafuta kidogo. Uji wa ulezi, viazi vilivyopondwa na mayai yaliyoiva sawasawa hufuata. Asukutue mdomo kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi, mara nne au zaidi kwa siku, na mswaki uwe laini. Kwa wanaopewa melfalani, kunyonya vipande vya barafu wakati dawa inaingia hupunguza vidonda hivyo kwa kiasi kikubwa. Ni jambo la kumkumbusha muuguzi siku ile.

Loshoro, mahindi kwa mtindi, ndicho chakula ambacho mgonjwa wa pande za Meru atakililia. Shida haiko kwenye mahindi. Mtindi wa nyumbani mara nyingi hugandishwa kutoka maziwa mabichi, nayo maziwa mabichi hubeba bruselosi na vijidudu vingine. Kwa miezi ya dawa za kushusha kinga, atumie maziwa yaliyochemshwa hadi kufura, na kuhusu mtindi wa kiwandani aulizwe kwanza daktari wake. Nyama choma iliyobaki nyekundu ndani, kachumbari ya kibandani, juisi ya miwa ya barabarani na chakula kilicholala nje usiku kucha viachwe. Matunda yanayomenywa kwa mkono uliooshwa, ndizi, papai, embe, ni salama. Zamani mahospitali yaliwakataza wagonjwa karibu kila kitu kibichi. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba usafi wa mapishi ndio wenye uzito, na kumnyima mtu chakula kupita kiasi humkondesha bila faida.

Maji ya kunywa yachemshwe, yafunikwe, yatumike ndani ya siku. Lakini wakazi wa kuzunguka Mlima Meru wanajua tatizo la pili: floraidi, ile iliyotia meno ya wengi rangi ya kahawia. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi floraidi. Mtoto ambaye meno yake ya kudumu bado yanakua apewe, ikiwezekana, maji ya chupa au ya chanzo kinachojulikana kuwa na floraidi ndogo.

Tunda moja limepigwa marufuku kabisa: balungi. Lina kemikali zinazozuia mwili kuvunja siklosporini, kiwango chake kikapanda hadi kuumiza figo.

Dawa na saa

Siklosporini hunywewa kila baada ya saa kumi na mbili, kwa mfano saa mbili asubuhi na saa mbili usiku, bila kuruka. Siku ya kupima kiwango chake, dozi ya asubuhi isinywewe hadi damu itolewe. Ichukuliwe mkobani na inywewe hapo hapo kliniki. Mama akisahau jambo hili, kipimo kitasoma juu, na daktari anaweza kupunguza dawa ambayo haikustahili kupunguzwa.

Dawa hii ina madhara yanayoonekana na yasiyoonekana. Mikono kutetemeka, vinyweleo kuongezeka usoni na fizi kuvimba havipendezi, ila vinavumilika na hupungua dawa inapoachwa. Presha ya damu ndiyo ya kuogopa. Kwa watoto wa sikoseli hasa, presha ikipanda ubongo unaweza kuvimba na mtoto akapata degedege. Maumivu makali ya kichwa, kuona ukungu au kuchanganyikiwa ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo. Mashine ndogo ya kupimia presha nyumbani, yenye mkanda unaolingana na mkono wa mtoto, ni matumizi ya fedha yenye maana kuliko zawadi yoyote ambayo ndugu wanaweza kuchangishana.

Prednisoloni huleta njaa isiyoisha, hasira, kukosa usingizi, na wakati mwingine sukari kupanda. Ikinywewa asubuhi na chakula, usiku huwa na nafuu. Kamwe isikatwe ghafla, maana mwili huwa umeacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Septrini humkinga na kichomi cha aina ya pekee, asikloviri humkinga na mkanda wa jeshi, na penisilini humkinga mwenye sikoseli ambaye bandama lake liliharibika zamani. Zote hizi zinaonekana ndogo, na ndizo za kwanza kuachwa mtoto anapochangamka. Zisiachwe hadi kliniki iseme.

Kwenye duka la dawa, taja pandikizi kabla hujataja maumivu. Brufeni na diklofenaki huumiza figo na kuongeza kutokwa na damu. Erithromaisini hupandisha siklosporini. Rifampisini ya kifua kikuu huishusha hadi karibu na bure. Sindano ya msuli wakati chembe sahani za kugandisha damu zikiwa chini huacha uvimbe wa damu.

Mitishamba nayo ihesabiwe kuwa dawa. Mkoa wa Arusha ndio uliopokea maelfu ya watu waliokwenda Samunge, Loliondo, mwaka 2011 kunywa kikombe cha dawa cha Mchungaji Ambilikile Mwasapila, na hakuna haja ya kumdharau mtu anayetafuta uzima. Lakini mzizi uliochemshwa hupitia ini lile lile linalovunja siklosporini, na hakuna anayeweza kusema utafanya nini humo. Bibi aliyeleta mizizi aelezwe hivyo kwa heshima, na mizizi iwekwe kando.

Homa

Nunua kipimajoto kabla ya kununua kitu kingine. Nyuzi 38 ni dharura, mchana au usiku, hata mtoto akiwa anacheza. Cha kwapani husoma chini kidogo, kwa hiyo usingoje namba ipande zaidi. Usimpe parasetamoli kwanza "tuone kama itashuka": itashuka, na maambukizi yataendelea yakiwa yamefichwa. Mgonjwa mwenye mrija wa dawa kifuani akitetemeka baada ya mrija kusafishwa, hiyo nayo ni dharura ingawa hana joto.

Kituo cha Afya Kaloleni kiko karibu na kinafaa kwa mengi, lakini homa hii iende moja kwa moja Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Mount Meru, au hospitali nyingine kubwa ya mjini ambayo daktari wako wa Dodoma amewasiliana nayo. Kwa utaalamu zaidi wa damu na saratani ipo KCMC Moshi, kilomita 80 hivi. Yatakayotakiwa ni kipimo cha picha kamili ya damu, damu ya kuotesha vijidudu, kipimo cha malaria, na antibiotiki ya mshipani ndani ya saa moja tangu kufika. Daktari wa zamu wa usiku huenda hajawahi kuona mgonjwa aliyepandikizwa. Hiyo ndiyo maana ya karatasi moja iliyokunjwa kwenye mfuko wa plastiki, ikitembea na mgonjwa daima: tarehe ya siku sifuri, aliyetoa uloto, dawa zote na dozi, namba ya simu ya timu ya Dodoma, onyo kwamba damu yoyote atakayoongezwa ipigwe mionzi kwanza, na kundi lake la damu la zamani pamoja na la mtoaji. Kundi la damu hubadilika. Mtoto aliyekuwa O akipokea uloto wa ndugu wa A ataishia kuwa A, na kadi ya zamani itawachanganya maabara.

Dalili nyingine za kupiga simu siku hiyo hiyo: vipele vinavyoanzia viganja, nyayo au masikio, kuhara maji mengi, hasa ya kijani, macho kurudi umanjano, madoa madogo mekundu ya damu chini ya ngozi, kikohozi kikavu na kukosa pumzi. Tatu za kwanza mara nyingi ni chembe za ndugu zinazoshambulia, na zikidakwa mapema hutulizwa. Jua la Arusha, mji ulio juu mita zipatazo 1,400, linaweza kuzichokoza ngozini: kofia pana, mikono mirefu, na losheni ya kukinga jua.

Uchovu na miezi inayofuata

Uchovu wa baada ya pandikizi hauondoki kwa kulala. Robin Roberts, mtangazaji wa televisheni wa Marekani aliyepandikizwa uloto wa dada yake Septemba 2012, alirudi studio Februari 2013, na hata hapo hakuanza kwa wiki nzima. Alikuwa na kila msaada ambao fedha inaweza kununua. Fundi cherehani wa Kaloleni asijilaumu akichukua muda zaidi. Kutembea kidogo kila jioni, kuongeza hatua kila wiki, hurudisha nguvu kuliko kukaa kitandani. Shule kwa mtoto aliyepokea uloto wa ndugu mara nyingi husubiri miezi sita hadi kumi na miwili. Mwalimu aombwe atume kazi nyumbani ili mtoto asirudi akiwa mgeni darasani.

Chanjo huanza upya, kama za kliniki ya wachanga. Zisizo na vijidudu hai, kama za nimonia, pepopunda na homa ya ini, huanza kati ya miezi mitatu na kumi na miwili kadiri timu itakavyopanga. Za hai, kama surua na homa ya manjano, husubiri angalau miaka miwili na dawa za kushusha kinga ziwe zimeachwa. Mdogo wa mgonjwa akipewa matone ya polio kliniki, nepi zake zibadilishwe na mtu mwingine kwa wiki kadhaa, kwani virusi vya chanjo hutoka kwenye haja.

Kliniki haishii mwaka wa kwanza. Mtoto aliyeongezewa damu miaka mingi amebeba chuma ndani ya ini, na sasa akiwa na damu nzima anaweza kutolewa damu kidogo kidogo ili chuma kipungue. Tezi ya shingo, mifupa, macho, meno na ukuaji hupimwa kila mwaka. Dawa za kabla ya pandikizi kama busulfani zinaweza kuzuia balehe au uzazi; mazungumzo hayo yalipaswa kufanyika kabla ya pandikizi, na kama hayakufanyika yafanyike sasa, binti au kijana mwenyewe akiwepo.

Jambo moja hufichika kwa sababu kipimo cha damu husoma vizuri. Damu ya mtoto imebadilika, mbegu za uzazi hazikubadilika. Aliyezaliwa na sikoseli, hata akipona kabisa, atampa kila mtoto wake kinasaba kimoja cha sikoseli (S). Akifika umri wa kuoa au kuolewa, mchumba wake apimwe sikoseli, na matokeo wayasome pamoja kabla ya mahari.